Urani ya Iran na haki ambayo mkataba haukuitaja

Mgogoro wa nyuklia kati ya Iran na mataifa ya Magharibi umepita mikononi mwa marais wanne wa Marekani, umezaa maazimio kadhaa ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, makubaliano makubwa ya mwaka 2015 na vita vya siku 12 vya Juni 2025, na bado swali linalogombaniwa ni lile lile lililokuwa mezani mwaka 2003: je, nchi iliyotia saini ahadi ya kutotengeneza silaha za nyuklia ina haki ya kurutubisha urani ndani ya mipaka yake? Wengi huusimulia mgogoro huu kama mabishano juu ya umeme au juu ya bomu, ilhali vyote viwili hutegemea kazi moja ya kiwandani, na asiyeielewa kazi hiyo atapata shida kufuata hoja za upande wowote.

Urani inapotoka ardhini, iwe ni Kazakhstan au katika eneo la Mto Mkuju wilayani Namtumbo nchini Tanzania, huchakatwa kuwa unga wa njano usioweza kuwasha taa wala kulipua kitu. Sababu ni kwamba madini hayo yana aina mbili kuu za atomu, ambazo wanasayansi huziita isotopu, zinazofanana kwa tabia za kikemia na kutofautiana kwa uzito: urani-238, ambayo ni zaidi ya asilimia 99, na urani-235, ambayo haifikii hata asilimia moja. Ni hii ya pili inayopasuka kwa urahisi na kutoa joto, kwa hiyo vinu vingi vya umeme huhitaji mafuta ambayo kiwango chake cha urani-235 kimepandishwa hadi kati ya asilimia 3 na 5, na kupandisha kiwango hicho ndiko kunakoitwa kurutubisha. Unga hugeuzwa kuwa gesi, gesi huingizwa katika mitungi mirefu myembamba iitwayo sentrifuji, ambayo huzunguka kwa kasi ya takriban mizunguko 1,000 kwa sekunde, atomu nzito husukumwa ukingoni na nyepesi husalia karibu na katikati, kisha gesi iliyopata nafuu hiyo ndogo huvutwa na kupelekwa kwenye mtungi unaofuata. Kwa kuwa mtungi mmoja hutenganisha kidogo sana, mamia huunganishwa kwa mabomba katika safu moja, na safu nyingi za namna hiyo ndizo zinazofanya kiwanda.

Hesabu ya kazi hiyo ndiyo inayowakosesha usingizi wanadiplomasia. Katika kila atomu 1,000 za urani ya asili, 7 tu ni za urani-235. Ili kupata mafuta ya kinu ya kiwango cha asilimia 3.5, atomu hizo 7 hazina budi kubaki katika kundi la atomu 200, yaani atomu 800 nzito ziwe zimekwisha kuondolewa. Kutoka hapo hadi asilimia 20 kunahitaji kuondoa nyingine 165, kutoka asilimia 20 hadi 60 kunahitaji kuondoa zipatazo 23, na kutoka 60 hadi 90, kiwango ambacho kwa kawaida hutajwa kuwa cha silaha, zinazobaki kuondolewa ni nne tu. Kwa hiyo nchi inayotengeneza mafuta ya umeme kwa nia njema kabisa imekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi ambayo ingefanywa na nchi inayotaka bomu, kwa mashine zile zile na mafundi wale wale. Nia haina kipimo. Kinachoweza kupimwa ni kilo na asilimia, na kupima huko kunawezekana pale tu mkaguzi anaporuhusiwa kuingia.

Sheria inayopaswa kuamua jambo hili ni Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, unaojulikana kwa kifupi kama NPT, ambao Iran ilitia saini siku ya kwanza ulipofunguliwa, Julai 1, 1968. Mkataba huo ulizigawa nchi mafungu mawili. Tano zilizokuwa zimelipua silaha za nyuklia kabla ya mwaka 1967, yaani Marekani, Umoja wa Kisovieti, Uingereza, Ufaransa na China, zilibaki nazo kwa ahadi ya kufanya mazungumzo ya kuziondoa, na nyingine zote ziliahidi kutozitafuta kamwe. Kwa kulipia ahadi hiyo, ibara ya nne iliwahakikishia wanachama wote haki isiyoweza kuondolewa ya kuendeleza nishati ya nyuklia kwa amani, mradi wasivunje ibara nyingine. Waandishi wa ibara hiyo hawakutaja urutubishaji, wala kwa kuuruhusu wala kwa kuukataza. Iran husema kwamba kilichoachwa bila kukatazwa kimeruhusiwa, na huonyesha kidole Japani, Brazil, Uholanzi na Ujerumani, nchi zisizo na silaha hizo zinazorutubisha urani katika ardhi zao bila kuwekewa kikwazo chochote. Marekani nayo husema kwamba haki hiyo hushikamana na uaminifu, na kwamba aliyeficha viwanda vyake hawezi kuidai sawa na yule aliyevionyesha tangu mwanzo. Inafaa kukumbuka pia kwamba Israel, ambayo ndiyo iliyopinga mradi wa Iran kwa sauti kubwa kuliko nchi nyingine yoyote, haikuwahi kutia saini mkataba huo, na jambo hilo halisahauliki katika miji mikuu ya Kiarabu wala Tehran.

Hoja ya Iran haiwezi kupimwa kwa haki bila kurudi nyuma kwenye enzi za utawala wa kifalme wa Shah, kwa sababu mradi huu ulizaliwa kwa msaada wa hao hao wanaoupinga. Mwaka 1957 Marekani na Iran zilitia saini mapatano ya ushirikiano wa nyuklia chini ya mpango wa Rais Eisenhower wa kusambaza matumizi ya amani ya atomu, na mwaka 1967 kinu cha utafiti cha megawati 5 kilichotolewa na Marekani kikaanza kazi jijini Tehran kikitumia urani iliyorutubishwa zaidi ya asilimia 90. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1974, Shah alitangaza azma ya kujenga vinu vya kuzalisha megawati 23,000 za umeme, kampuni ya Ujerumani Magharibi ya Kraftwerk Union ikapewa kazi ya kujenga vinu viwili Bushehr kwenye pwani ya Ghuba, na Iran ikanunua hisa ya asilimia 10 katika Eurodif, kiwanda cha urutubishaji kilichojengwa Ufaransa, ikiongezea mkopo wa dola bilioni moja. Baada ya mapinduzi ya 1979 serikali mpya ilisitisha malipo na kudai fedha zake, Ufaransa ikakataa kutoa urani, na shauri hilo lilimalizwa mwaka 1991. Marekani iliacha kupeleka mafuta ya kinu cha Tehran, na Wajerumani hawakurudi Bushehr, ambako majengo waliyoyaacha yalipigwa mabomu mara kadhaa na ndege za Iraki wakati wa vita vya 1980 hadi 1988. Urusi ilipokea mkataba wa kukamilisha kinu kimoja mwaka 1995, na umeme wake uliingia katika gridi ya taifa Septemba 2011, miaka 36 tangu ujenzi kuanza. Viongozi wa Iran wanaposema kwamba hawawezi kuutegemeza umeme wao kwa mafuta ya nyuklia ya kununua nje, wanazungumzia mambo yaliyowapata kweli, na wapatanishi wa Magharibi waliolichukulia dai hilo kuwa kisingizio tu walijinyima nafasi ya kuelewa kwa nini halilegei.

Hata hivyo, njia ambayo Iran ilifuata kutafuta kujitegemea ndiyo iliyoharibu hoja yake. Michoro na vipuri vya sentrifuji vilipatikana kwa siri tangu mwaka 1987 kupitia mtandao wa mhandisi wa Pakistan, Abdul Qadeer Khan, ambaye alikuwa ameichukua teknolojia hiyo Uholanzi katika miaka ya sabini. Kiwanda cha Natanz, kilichojengwa chini ya ardhi katika jimbo la Isfahan, kilifahamika kwa ulimwengu Agosti 2002 baada ya kundi la upinzani lililo uhamishoni kukitaja hadharani. Miaka saba baadaye, Septemba 2009, marais wa Marekani na Ufaransa na waziri mkuu wa Uingereza walifichua kwamba kiwanda cha pili kilikuwa kikijengwa ndani ya mlima huko Fordow, karibu na mji mtakatifu wa Qom, na mahali pa namna hiyo palikuwa vigumu kuelezwa kuwa ni kiwanda cha kawaida cha mafuta ya umeme.

Namna Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, lilivyoanza kuufumbua mradi huo inastahili kuelezwa kwa urefu kidogo, kwa sababu inaonyesha nguvu ya ukaguzi kuliko hotuba yoyote. Mwaka 2003 wakaguzi wa shirika hilo waliomba kuchukua sampuli katika karakana ya Kalaye Electric jijini Tehran, wakakataliwa kwa miezi kadhaa, na waliporuhusiwa mwezi Agosti walikuta jengo limekarabatiwa. Chombo chao kilikuwa kitambaa cha pamba kisichozidi ukubwa wa kiganja, ambacho mkaguzi hukipitisha ukutani, sakafuni na juu ya mashine, akakifunga katika mfuko na kukipeleka maabara ya shirika hilo karibu na Vienna, ambako chembe zisizoonekana kwa macho hupimwa moja moja. Licha ya ukarabati huo, vitambaa vya Kalaye na vya Natanz vilibeba chembe za urani iliyorutubishwa kwa kiwango cha juu ambacho Iran haikuwa imekitangaza. Iran ikaeleza kwamba chembe hizo zilikuja na vipuri vilivyonunuliwa nje, uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba sehemu kubwa ya uchafuzi huo ilitokana kweli na vipuri vya Pakistan, na hivyo kitambaa kile kile kilichoishtaki Iran kikaitetea pia. Baadaye, katika tathmini yake ya Desemba 2015, shirika hilo lilihitimisha kwamba kabla ya mwisho wa 2003 kulikuwa na jitihada zilizoratibiwa za utafiti unaohusiana na silaha, kwamba baadhi ya shughuli ziliendelea baadaye, na kwamba hapakuwa na dalili za kuaminika za shughuli hizo baada ya 2009.

Mazungumzo ya kwanza yaliongozwa na Uingereza, Ufaransa na Ujerumani, ambazo Oktoba 2003 zilikubaliana na Iran kwamba urutubishaji usimamishwe kwa hiari na kwamba Iran isaini Itifaki ya Ziada, hati inayowapa wakaguzi ruhusa ya kufika hata mahali ambapo serikali haikupatangaza. Usimamishaji huo ulikwisha muda mfupi baada ya uchaguzi uliompa Mahmoud Ahmadinejad urais mwaka 2005, na faili la Iran likapelekwa New York. Hapo Afrika Mashariki iliingia katika shauri hili kwa kura zake. Tanzania, iliyokuwa mjumbe wa Baraza la Usalama mwaka 2005 na 2006, iliunga mkono azimio 1696 la Julai 2006 lililoitaka Iran isimamishe urutubishaji, ambalo lilipingwa na Qatar peke yake, kisha ikaunga mkono azimio 1737 la Desemba mwaka huo, lililopita bila kupingwa na kuleta vikwazo vya kwanza. Uganda ilikuwa kwenye meza hiyo hiyo mwaka 2010. Ilimpokea Ahmadinejad mwezi Aprili, na Juni 9 ikapiga kura ya kuunga mkono azimio 1929, ambalo Brazil na Uturuki zililipinga kwa sababu wiki chache kabla zilikuwa zimepata ridhaa ya Iran kuhamishia nje kilo 1,200 za urani yake kwa kubadilishana na mafuta ya kinu cha Tehran. Ridhaa hiyo ilitupwa kando haraka mno, na ni miongoni mwa fursa ambazo mwanahistoria wa mgogoro huu hawezi kuzipita bila masikitiko.

Vikwazo havikuishia kwa nchi iliyolengwa. Mwaka 2012 ilibainika kwamba meli za mafuta za Iran zilikuwa zimesajiliwa chini ya bendera ya Tanzania kupitia wakala wa usajili wa Zanzibar aliyekuwa Dubai, mbunge mmoja wa Marekani akamwandikia Rais Jakaya Kikwete akionya juu ya matokeo yake, na serikali ikalazimika kuzifutia usajili meli 36. Kisa hicho kilizua mjadala mzito kuhusu mamlaka ya Zanzibar na ya Muungano katika mambo ya bahari, mjadala ambao kwa asili yake haukuwa na uhusiano wowote na urani.

Mlango wa suluhu ulifunguliwa Oman, nchi ambayo wengi wa watu wake wenye asili ya Zanzibar bado wanazungumza Kiswahili majumbani. Kuanzia mwaka 2012, kwa upatanishi wa Sultan Qaboos bin Said, maofisa wa Marekani na Iran walikutana kwa siri Muscat, na mazungumzo hayo yakaandaa njia ya makubaliano ya muda ya Geneva ya Novemba 2013, kisha ya makubaliano kamili yaliyotangazwa Vienna Julai 14, 2015. Kwa muda wa miaka 15 Iran ilikubali kutorutubisha zaidi ya asilimia 3.67 na kutoweka akiba ya zaidi ya kilo 300. Sentrifuji zake zilipunguzwa kutoka zipatazo 19,000 hadi kama 6,100, ambapo 5,060 tu ndizo zingerutubisha, kiini cha kinu cha utafiti kilichokuwa kikijengwa Arak kikajazwa zege, na Desemba mwaka huo meli iliondoka na zaidi ya kilo 11,000 za urani hafifu kuelekea Urusi. Kwa upande wa pili vikwazo viliondolewa, na Iran, kwa mara ya kwanza, ikakubaliwa na mataifa makubwa kwamba itaendelea kurutubisha, ingawa kwa kipimo. Makubaliano hayo yaliliacha kando swali la haki na kuanza na swali la kiasi, na katika historia yote ya mgogoro huu hakuna hatua nyingine iliyowapa wakaguzi macho mengi kiasi hicho ndani ya viwanda vya Iran.

Mei 8, 2018, Rais Donald Trump aliitoa Marekani katika makubaliano hayo na kurejesha vikwazo, ilhali ripoti za IAEA zilikuwa zikithibitisha kwamba Iran inatimiza masharti. Wakosoaji wa makubaliano walikuwa na hoja ya kweli, kwamba mipaka yake ilikuwa na tarehe za kumalizika na kwamba makombora ya balistiki hayakuguswa, lakini hoja hiyo haielezi kwa nini mipaka iliyokuwapo iachwe kabla ya kupata mingine. Iran ilisubiri mwaka mmoja, kisha ikaanza kuivuka hatua kwa hatua. Ilifika asilimia 20 Januari 2021, na mwezi Aprili, siku chache baada ya hujuma katika kiwanda cha Natanz, ikaanza asilimia 60, kiwango ambacho hakuna nchi nyingine isiyo na silaha za nyuklia iliyokuwa ikikizalisha. Februari mwaka huo iliacha kuitekeleza Itifaki ya Ziada, na Juni 2022 ikaondoa kamera 27 za ukaguzi. Serikali ya Iran ilishikilia kwamba silaha hizo ni haramu kwa fatwa ya kiongozi wake mkuu, Ayatollah Ali Khamenei, lakini kituo cha umeme cha Bushehr hutumia mafuta yanayoletwa na Urusi, na urani ya asilimia 60 haina kazi katika kituo hicho. Jambo hilo limewawia vigumu hata watetezi wake waaminifu.

Katika nchi jirani, njia tofauti ilikuwa ikijaribiwa wakati huo huo. Umoja wa Falme za Kiarabu, katika mapatano yake na Marekani ya mwaka 2009, uliahidi kutorutubisha urani kabisa, ukajengewa na Wakorea vinu vinne huko Barakah vyenye uwezo wa takriban megawati 5,600, na cha nne kikaanza kuuza umeme mwaka 2024. Kenya, Uganda na Rwanda, ambazo zimetangaza mipango ya kujenga vinu vyao, zinaelekea kununua mafuta yaliyokwisha kurutubishwa kama walivyofanya majirani hao wa Iran, na kwa nchi zisizohitaji zaidi ya vinu vichache njia hiyo ni ya akili. Ila inamfunga mnunuzi kwa muuzaji kwa miongo mingi, na kisa cha Eurodif kinaonyesha kwamba uhusiano huo unaweza kukatika kwa sababu zisizohusu nyuklia hata kidogo.

Mazungumzo mapya ya mwaka 2025, yaliyoanza Muscat Aprili 12 tena kwa upatanishi wa Oman, yalikwama palepale: Marekani ilitaka urutubishaji usiwepo kabisa, Iran ikasema kiwango kinajadilika lakini kazi yenyewe haijadiliki. Juni 12, Bodi ya Magavana ya IAEA iliamua kwa kura 19 dhidi ya 3, huku wajumbe 11 wakijizuia, kwamba Iran imekiuka wajibu wake wa ukaguzi. Kesho yake Israel ilianza kuishambulia Iran, na Juni 22 Marekani ikapiga Fordow na Natanz kwa mabomu ya ndege yaliyoundwa kupenya chini ya ardhi, na kituo cha nyuklia cha Isfahan kwa makombora. Hadi mapigano yalipositishwa Juni 24, mamia ya watu walikuwa wameuawa nchini Iran, wakiwamo raia wa kawaida, wanasayansi wa nyuklia na makamanda wa ngazi za juu, na makombora ya Iran yalikuwa yameua watu zaidi ya ishirini nchini Israel.

Kwa makadirio ya IAEA, siku vita vilipoanza Iran ilikuwa na kilo 440.9 za urani ya asilimia 60, na shirika hilo huhesabu kwamba kilo zipatazo 42 za kiwango hicho, zikirutubishwa zaidi, kinadharia zinatosha bomu moja. Baada ya mashambulizi bunge la Iran lilipitisha sheria ya kusimamisha ushirikiano na wakaguzi, wao wakaondoka, na akiba ambayo kabla ya vita ilikuwa ikipimwa kwa sehemu ya kilo ikatoweka katika vitabu vya ukaguzi. Mabomu yaliharibu mashine nyingi. Hata hivyo urani hiyo huhifadhiwa katika mitungi inayoweza kubebwa, na hakuna aliyeweza kwenda kuihesabu. Kwa kipimo cha usalama ambacho kila upande ulidai kuutafuta, hiyo ilikuwa hasara kubwa kuliko zote.

Kilichofuata kiliugawanya hata ufahamu wa sheria yenyewe. Azimio 2231, lililoidhinisha makubaliano ya 2015, lilikuwa na utaratibu wa kurejesha vikwazo vya zamani bila kuhitaji kura mpya. Marekani ilijaribu kuutumia mwaka 2020 na wajumbe wengi wa Baraza wakakataa, wakisema aliyejitoa hana tena nafasi ya mshiriki. Agosti 28, 2025, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani ziliuanzisha zenyewe, na mwishoni mwa Septemba zikatangaza kwamba maazimio yote ya kuanzia 2006 hadi 2010 yamefufuka. Iran, Urusi na China zilikataa uhalali wa hatua hiyo, na Oktoba 18, siku ambayo azimio 2231 lilipangiwa kumalizika, zikatangaza kwamba limekwisha pamoja na vikwazo vyake. Kwa hiyo azimio 1737 ambalo Tanzania iliinulia mkono, na azimio 1929 ambalo Uganda iliinulia mkono, yamekuwa sheria yenye nguvu kwa wajumbe watatu wa kudumu wa Baraza la Usalama na maandishi yaliyokufa kwa wawili, na kila mwanachama wa Umoja wa Mataifa mwenye bandari, benki au daftari la usajili wa meli analazimika kuchagua tafsiri atakayoifuata.